Dada Hakuanguka

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, tukianza na zangu kwa kuwa ndimi niliyeshika kalamu. Sisi hatujambo. Karakana inakwenda. Nina makochi matatu ya kuvisha upya, moja la hakimu mstaafu. Nilipolifungua nilikuta tumboni mwake uma, vifungo na seti ya meno ya bandia. Sijaamua kama nimrudishie meno yake au nimwache aendelee kuwatuhumu wajukuu.

Sikio langu la kulia limestaafu kabisa, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia nusu, na hiyo nusu naijibu vibaya. Tena simu yetu iko sebuleni, na niliyo nayo leo si ya sebuleni.

Ni mama yako. Dada yangu unamjua: miaka yote ya ualimu na hii ya kustaafu, redio haisemi neno asilisahihishe. Sasa redio inaboronga anaitazama tu. Juzi alitia miwani kwenye sufuria ya maji akawasha jiko. Anaanza sentensi, katikati anaiacha, kama mtu aliyesahau kilichomleta dukani. Asubuhi anashika kichwa. Mguu wa kushoto anauburuta, kandambili inabaki nyuma naye haoni. Halafu kesho yake anaamka timamu kama sindano, ananiuliza kwa nini namkodolea macho, na mimi naonekana ndiye mgonjwa.

Nakuambia ninachoshuku, ila usiniseme. Unamkumbuka mpangaji wa chumba cha uani, fundi saa, tunayemwita Kimya kwa kuwa siku akiwa na mdomo husema maneno matatu. Tangu mwezi wa kwanza, kila jioni anamletea mama yako chai kwenye chupa yake mwenyewe. Anakaa mkabala naye, anamtazama akinywa, haondoki mpaka kikombe kiishe. Sasa wewe niambie, mtu asiyesema na watu chai ya nini?

Mama yako amenikataza kukuandikia. Basi barua hii hujaipata.

Mjomba wako, fundi asiye na sikio

Nilitaka kusahau: muhuri wa posta kwenye barua yako ya mwisho ni wa mji mwingine, si huo unakofanya kazi. Au nao macho yangu yanastaafu?


15 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumaini marahaba yako ina nguvu. Mimi sijambo, kazi ni ileile, uchovu ni uleule. Wape pole watu wa hakimu.

Niliposoma habari ya mguu nilikaa chini. Mwache fundi saa na chai yake kwanza, nisikilize.

Miaka yangu ya uuguzi nimeimalizia wodi ya vichwa, na hili nimeliona mara nyingi. Ubongo haukai uchi ndani ya fuvu. Umevikwa tando tatu. Wa nje, uliolala kwenye mfupa, ni mgumu kama turubai. Wa kati ni mwembamba, una nyuzinyuzi, nao huitwa utando wa buibui. Wa ndani kabisa, laini, uliogandamana na ubongo wenyewe, madaktari huuita pia, kwa Kilatini. Kati ya huo wa buibui na huo laini kuna maji, na ubongo unaelea humo.

Mtu akipata umri, ubongo husinyaa kidogo. Vishipa vinavyovuka kutoka kwake kwenda kwenye ule utando mgumu hubaki vimevutika kama uzi uliokazwa. Hapo pigo dogo tu, hata lisiloacha nundu, linaweza kukichana kimoja. Damu huvuja kidogo kidogo chini ya utando mgumu, wiki kwa wiki, mpaka inaubana ubongo. Wakati huo mwenyewe keshalisahau pigo. Kichwa kinauma, usingizi unazidi, mguu wa upande mmoja unalegea, akili inakwenda na kurudi. Watu wanasema ni uzee.

Kwa hiyo muulize mama jambo moja: je, alianguka? Hata kama aliteleza bafuni akajishika. Akisema ndiyo, mpeleke hospitali kubwa apigwe picha ya kichwa, na usikubali kurudishwa na vidonge.

Mimi siwezi kuja sasa. Likizo haijatoka.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hakimu amechukua kochi na meno. Amehesabu meno mbele yangu.

Sasa nikueleze aibu yangu uicheke mapema tuendelee. Barua yako niliifungulia karakanani nikiwa na gundi mkononi. Ukurasa wa kwanza na wa pili zikashikana kama wapenzi. Nikasoma nilichoweza kusoma pembeni: utando wa buibui, maji, na madaktari huuita pia. Nikajisemea, mtoto huyu kasoma kweli. Mguu unaburuzwa, basi ni pia, pia ya goti, imejaa maji. Na buibui wanahusika kwa namna ambayo sayansi inajua.

Nikapanda ngazi nikafagia dari la nyumba nzima. Halafu kila jioni nikawa namkanda mama yako goti kwa maji moto na dawa ya misuli. Akanivumilia hivyo zaidi ya wiki, jambo ambalo peke yake lilitosha kunijulisha kuwa dada yangu mgonjwa. Mzima angenipiga teke. Mwisho nikapata akili ya kuzitenganisha kurasa kwa mvuke wa birika, nikasoma yote, nikakaa juu ya sponji. Siku zile zote damu ilikuwa juu, nami niko gotini.

Nilimuuliza siku hiyohiyo. Akanitazama vizuri kabisa akasema, "Sikuanguka." Nikamuuliza tena baada ya chakula. Akasema sikuanguka, na nikiuliza mara ya tatu atanisimamisha pembeni ya darasa. Nikampeleka zahanati kwa hila, nikimwambia ni sikio langu linalokwenda kutazamwa. Tabibu akamuuliza kama alianguka. Hapana. Akampima presha, akamwandikia vidonge vya kichwa, akaniambia kando kwamba ni uzee, nimzoee.

Tangu hapo hataki kusikia hospitali. Anasema tunataka aandikwe kichaa ili nikivamie chumba chake chenye dirisha.

Kwa hiyo nikarudi kwenye shuku yangu. Jana nilivizia chupa ya Kimya nikanywa vikombe viwili, kwa kuwa mtafiti huanza na yeye mwenyewe. Nimelala kama mtoto, nimeamka na njaa. Sasa sijui kama sumu yake ni ya polepole au mimi ni sugu.

Swali langu la muhuri hukulijibu. Nina jingine. Mwezi wa kumi na mbili mama yako alipotaka kuja kukuona, ulimwandikia asije, bila sababu. Binti anayemkataza mama yake mlango ana nini nyuma ya mlango?

Mjomba


11 Machi

Shikamoo mjomba,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya goti ningecheka siku nyingine.

Katika kazi yangu tumefundishwa kutoamini jibu linalorudi kwa haraka. Mgonjwa ana dalili zote za damu chini ya utando mgumu, anaulizwa kama alianguka, anasema hapana na kufunga mdomo. Mara nyingi huwa kweli hakuanguka. Huwa amepigwa, na aliyempiga ndiye aliyesimama kando ya kitanda akijibu maswali kwa niaba yake.

Ndiyo maana nakuuliza bila kuzunguka. Nani aliyemwinulia mama mkono? Wanaume ndani ya nyumba hiyo ni wawili. Mmoja simjui. Mwingine nilidhani namjua, lakini aliniandikia kurasa nzima za vichekesho kabla ya kunieleza kwamba mama yangu anaburuta mguu, na wiki nzima akakanda goti.

Kama ni mpangaji, mtoe. Kama ni wewe, Mungu wako anakuona, na mimi nitakuja kukuona.

Vyovyote iwavyo, shika haya. Akianza kutapika, au ukimwita asiamke vizuri, au ukiona mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, usimuulize mtu ruhusa. Mbebe.

Kuhusu maswali yako, nina kazi nyingi. Hilo ndilo jibu.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Zipokee hata kama barua yako umeituma na shikamoo tupu.

Nilipoisoma nilitoka nje nikazunguka nyumba. Mimi huyu niliyekubeba mgongoni ukanikojolea fulana mpya. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo posta wangeyarudisha. Halafu nikafikiri: mtoto huyu yuko mbali, anaona mguu unaburuzwa kwenye karatasi tu, na mjomba wake ni mtu wa kufagia buibui. Mimi ningekuwa yeye ningeshuku hata paka. Basi hilo tuliweke kabatini, tutalitoa siku nikiwa na nguvu za kununa.

Ila hasira lazima itue mahali, nayo ilitua kwa Kimya. Leo jioni nilimkuta sebuleni na chupa yake, mama yako kitini amefumba macho. Nikamtolea barua yako nikamwambia aisome kwa sauti. Hakusoma. Nikamwambia basi nitamsomea mimi, na nikasoma, pale penye kuinua mkono nikapasoma mara mbili. Nikamuuliza alimfanya nini dada yangu. Mtu yule amekumbatia chupa yake kifuani kama mtoto mchanga. Nikaona nimemkamata.

Mama yako akafungua macho. Akasema, kwa sauti ile ya ubao na chaki:

"Mwacheni mtu wa watu. Mnaniuliza kila siku kama nilianguka, nami nawajibu sikuanguka. Sikuanguka. Niliangukiwa."

Nikamuuliza aliangukiwa na nini.

"Na sanduku. Ungeuliza hivyo tangu mwanzo ningekujibu hivyo."

Wiki zote hizi, mimi, wewe na tabibu tumebeba kitenzi kisicho chake, na mwalimu akakataa kukipokea. Ingawa mimi si mjinga kiasi hicho, najua alifurahi pia kuwa hatukuuliza vizuri. Sarufi ilimpa pa kujificha.

Kimya ndipo akasema, na nadhani alimaliza akiba ya mwaka. Mwanzo wa mwezi wa kwanza, mimi nikiwa karakanani, alisikia kishindo. Akamkuta mama yako ameketi sakafuni mwa chumba chake kando ya lile sanduku kubwa la safari, ameshika utosi, anacheka. Mama yako akamwapisha asiniambie. Naye kwa kuwa aliapa hakusema, lakini kwa kuwa hakutulia akaanza kuleta chai, apate sababu ya kumtazama kila jioni kama yu mzima. Nilimuuliza kwa nini hata mimi nilipokuwa nazunguka na ufagio hakunidokezea. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Na sanduku lile la juu ya kabati alikuwa analishusha la nini? Hilo mama yako alilisema akinitazama pembeni. Alikuwa anafunga safari ya kuja kwako bila taarifa. Anasema umeolewa kwa siri. Anasema mwanamume huyo lazima ana kasoro kubwa, maana mwenye kasoro ndogo angeonyeshwa. Alitaka awafumanie mnakula.

Hapo nikaenda simuni nikapiga wodi yako ya vichwa, nikaweka sikio zima. Nikataka wakuite uzungumze na mama yako, umbembeleze aende hospitali. Sauti ya dada mmoja ikaniambia hufanyi kazi pale tangu mwezi wa kumi na mbili. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Wakati nazungumza mama yako akatapika. Kimya amekwenda kuita teksi, na mimi naandika haya nimesimama. Sikutaka ruhusa yake tena, wala hakukataa, na hilo ndilo linalonitia hofu. Barua hii naituma hospitali ya huo mji wa kwenye muhuri. Jirani ataitia posta.

Uko wapi? Unafanya nini huko? Nakuuliza kwa maneno rahisi, usinitafutie kitenzi.

Mjomba


24 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Lile la kabatini ukilitoa leo utakuwa na haki. Nilikuandikia nikiwa sijalala, lakini mkono ulioyaandika ni wangu.

Sijui barua hii itamkuta mama yupi. Naiandika kwa yule aliye hai.

Niko huku, kwenye mji wa ule muhuri, tangu ugonjwa ulipoingia; barua zako za nyuma wenzangu wa wodini walinitumia huku. Ni homa ya uti wa mgongo. Jina linakwenda mgongoni lakini chanzo kiko kwenye tando zilezile nilizokueleza. Kijidudu kinaingia katika maji yale, tando zinavimba, shingo inakakamaa kama ubao, mwanga wa dirisha unamuumiza mtu macho. Leo anacheza mpira, kesho kutwa hajui jina lake. Waliomba wauguzi, nikajiandikisha kabla sijafikiri. Tumefanya shule kuwa wodi. Madawati tumeyatoa nje, ubaoni bado pana hesabu ambazo hatukuzifuta.

Tunameza dawa za kinga. Hata hivyo mwenzangu tuliyelala chumba kimoja aliugua. Amepona, lakini sasa hasikii kwa masikio yote mawili. Nakuwaza sana ninapozungumza naye kwa mikono.

Sikuwaambia kwa sababu mama angekuja. Angekuja na ndoo na sabuni, akaketi hapo mlangoni, na nani angemwondoa? Nikaona nimwandikie asije, basi. Sikuweka sababu kwa kuwa sababu ndiyo ingemleta. Nilimkinga na ugonjwa wa tando wa mji huu, ukampata wa kabati lake. Wagonjwa wanapungua sasa. Wakitufungulia njia nitapanda gari la kwanza.

Nipelekee habari hata kama ni neno moja. Walimpasua? Aliongea?

Mpwa wako


6 Aprili

Mpwa wangu,

Neno moja: aliongea. Sasa vuta kiti, nikupe mengine.

Hospitali kubwa walituweka kwenye benchi. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama mgonjwa alianguka. Nikamwambia aliangukiwa, na nikamwambia aandike hivyohivyo, wala sikuondoka dirishani mpaka nikaiona. Wakamwingiza kwenye mashine ya picha. Daktari akanionyesha: upande wa kulia, kati ya utando mgumu na ubongo, kitu kimekaa kama mwezi mchanga, na ubongo umesukumwa kando mpaka umevuka mstari wa katikati. Nikamuuliza mbona mguu mbovu ni wa kushoto. Akasema nyaya zinapishana. Nikashukuru sikujaribu kumtibu mwenyewe zaidi ya goti.

Walimtoboa matundu mawili madogo kwenye mfupa, wakaufungua ule utando. Daktari anasema damu ilitoka nyeusi, nyepesi, kama mafuta ya injini yaliyokaa muda mrefu. Wakaacha mpira ukichuruza. Wakasema siku mbili tatu zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kimya alikaa kwenye benchi muda wote, hakusema kitu, na mara hii sikuona ubaya. Nimemwomba radhi. Akasema ahsante. Nimemweleza pia kwamba chai yake niliinywa. Akasema alijua.

Siku ya pili mama yako aliinua mguu wa kushoto alipoambiwa, akamwuliza muuguzi kwa nini anasema "inua miguu" wakati anataka mmoja. Lakini mimi sikupumua. Wanasema akili inaweza kuchelewa kurudi, na nyingine isirudi. Alinijua, alijua mwezi. Lakini alikuwa mpole mno. Alinishukuru kwa kila kitu. Mpwa wangu, dada yangu kunishukuru nikimletea maji ni jambo la kutisha kuliko kutapika.

Barua yako imefika jana. Nilikaa kando ya kitanda nikamsomea yote, hata hapo pa kujiandikisha, hata pa mwenzako na masikio. Niliogopa nitamuumiza, lakini nyumba hii imekwisha kuumwa na mambo yasiyosomwa kwa sauti. Alisikiliza amefumba macho, bandeji inamkaa kama kofia ya mtu mwingine. Nikamaliza. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia sikioni, sikuthubutu kumfuta.

Mwisho akafumbua macho, akatazama dari, akasema, "Kwa hiyo hana mume."

Nikasema hana.

"Hata mwenye kasoro?"

Nikasema hata huyo.

Akageukia ukutani, akavuta shuka, akasonya. Mpwa wangu, nilitoka nje ya wodi nikaketi kwenye ngazi nikacheka na kulia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hakuna, dada yangu amerudi.

Mjomba wako